Milango mitatu, mabati matatu: kisa cha nyumba iliyofunga bati kabla ya kupima

Kisa hiki ni cha nyumba moja niliyoitwa kama seremala. Mahali, majina na kila kinachoweza kuitambulisha familia nimeviondoa. Vipimo nimeviacha, kwa sababu ndivyo vilivyoleta matatizo na ndivyo vilivyoyamaliza.

Usuli

Nyumba ilikuwa na watu watano na mbwa mmoja. Bibi, mama mzazi wa mwenye nyumba, alikuwa ameanza kutumia kiti cha magurudumu miezi minane kabla sijafika. Tangu hapo milango ikaanza kuchakaa chini, na familia ikaamua kuikinga kwa mabati: vile vipande vya chuma vinavyofungwa sehemu ya chini ya mlango ili vipokee mateke, magurudumu, dekio na kucha badala ya mbao.

Milango iliyosumbua ilikuwa mitatu, kila mmoja wa aina yake. Wa chumba cha Bibi ulikuwa mlango wa flashi: mwepesi, una mbao nyembamba ukingoni, ngozi ya hadibodi pande zote mbili, na katikati ni uwazi uliojazwa makaratasi tu. Wa jikoni ulikuwa wa mbao ngumu. Wa nyuma ulikuwa wa mbao pia, upande mmoja ukipigwa na mvua na upande wa pili ukikwaruzwa na mbwa kila alipotaka kutoka. Yote mitatu ilikuwa na upana wa milimita 800, na yote ilifunguka kuelekea ndani ya chumba chake.

Mambo hayo mawili ya mwisho, upana na upande wa kufungukia, yanaonekana madogo. Yashike, yatarudi.

Jaribio la kwanza

Mjukuu wa Bibi, kijana mwenye mikono myepesi na asiyeogopa kazi, alinunua vipande vitatu vya stenlesi, chuma kisichoshika kutu kirahisi, inayong'aa kama kioo, unene wa milimita 0.6, kila kimoja upana 800 na kimo 200. Vilikuja na gundi ya utepe nyuma. Alifikiri kazi ingemchukua asubuhi moja.

Alianza na jikoni. Alibandika bati upande unaosukumwa, ukingo hadi ukingo, likakaa vizuri sana, mpaka alipofunga mlango. Haukufungika. Upande unaosukumwa ndio unaolalia ukingo wa fremu mlango ukifungwa, na bati lake lilikuwa limefika hadi mwisho wa mlango. Chuma kikagota kwenye fremu pande zote mbili.

Akalibandua, na vanishi ikabanduka nalo. Akakata mabati yote matatu kwa grinda, milimita 20 kila upande, akayabandika upya. Kingo zilizokatwa hakuzipitishia tupa. Diski aliyoitumia ilikuwa ileile aliyokatia vyuma vya kawaida vya dirisha wiki iliyotangulia.

Kwenye mlango wa nyuma aliona rangi imevimba na kubanduka chini, upande wa nje. Akabandika bati hapohapo ili kufunika ubaya, kisha akazungusha silikoni pande zote nne ili maji yasiingie. Nia ilikuwa njema kabisa.

Baada ya wiki tatu hivi malalamiko yakaanza. Mwenye nyumba alijikata kidole kwenye kona ya bati la jikoni alipokuwa akipiga deki. Kingo zilizokatwa zikaota vidoa vya kutu, na muuzaji akalaumiwa kwamba stenlesi yake ni bandia. Haikuwa bandia. Grinda iliyopita kwenye chuma cha kawaida hurusha na kupachika chembe za chuma hicho juu ya stenlesi, na chembe hizo ndizo zinazoshika kutu. Mlango wa Bibi ulizidi kuumia juu ya bati, na mikwaruzo mipya ilikuwa mirefu kuliko ya zamani. Bati la mlango wa nyuma liliachia kona moja, halafu likaanguka lote. Nyuma yake mbao ilikuwa nyeusi, na kidole kiliweza kuibonyeza.

Hapo ndipo nilipopigiwa simu. Ombi lilikuwa fupi: "Fundi, njoo utufungie mabati mazito zaidi, na kwa skrubu."

Nilichokikuta

Nilikataa kupima mabati siku ile. Nilipima milango na alama zake.

Kwa mlango wa Bibi nilitumia chaki. Nilipaka chaki ya buluu kwenye kingo za viegemeo vya miguu vya kiti chake na chaki nyeupe kwenye ncha za mbele za vishikio vya mikono, nikamwomba aendelee na maisha yake kwa siku mbili kama kawaida. Niliporudi, mlango ulikuwa umejieleza wenyewe. Alama za buluu zilianzia milimita 90 kutoka sakafuni na kuishia 340. Nyeupe zilikuwa chache, karibu na kitasa. Bati la kijana liliishia 200. Kwa hiyo lilikuwa limekinga sehemu ambayo iligongwa kidogo, na ukingo wake wa juu ukageuka ngazi ndogo ambayo kiegemeo kilijikwaa na kuparuza juu yake.

Jambo lililonishangaza alilisema Bibi mwenyewe, na nadhani hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Mwanangu, mimi siupigi mlango. Mlango ndio unaonifuata."

Niliufungua hadi nusu nikauacha. Ukajirudisha taratibu mpaka ukafunga. Skrubu za bawaba ya juu zilikuwa zimelegea ndani ya mbao nyembamba ya ukingoni, mlango ukainama, na kila Bibi aliposukuma na kuanza kupita, mlango ulirudi na kukutana na miguu yake. Sehemu kubwa ya mapigo yale haikutoka kwenye kiti. Ilitoka kwenye bawaba.

Jikoni mambo yalikuwa mepesi: alama za viatu vya watu wanaosukuma mlango kwa mguu mikono ikiwa imejaa, kati ya milimita 60 na 220, na mstari wa maji ya dekio chini kabisa.

Mlango wa nyuma nilichoma kwa bisibisi nyembamba kila sentimita mbili, kutoka chini kwenda juu. Mbao ilikuwa imelainika hadi milimita 60. Ukungu unaoozesha mbao hauhitaji mengi: unyevu ukizidi takriban asilimia 20 ya uzito wa mbao kavu kwa muda mrefu, una pa kuanzia. Ile rangi iliyovimba ilikuwa taarifa kwamba maji yalishaingia kupitia chini ya mlango, ambako hakuna aliyewahi kupaka rangi. Bati halikuleta uozo huo. Liliufunika, na silikoni ya pande nne ikayazuia maji kutoka.

Mbwa naye? Mikwaruzo yake yote ilikuwa upande wa ndani, hadi milimita 650. Upande wa ndani hakuna aliyekuwa ameuwekea kitu.

Maamuzi

Nilikaa na familia tukaamua mlango mmoja baada ya mwingine. Nitarefusha kwenye mlango wa Bibi, kwa sababu ndiko kulikokuwa na mtego.

Jambo la kwanza halikuwa bati. Tuliondoa skrubu za bawaba, tukaziba matundu kwa vijiti vya mbao vilivyopakwa gundi, tukakaza upya, na tukaweka kipande chembamba cha kadi ngumu nyuma ya bawaba ya chini hadi mlango ukakaa popote unapoachwa. Nilirudia jaribio la chaki. Alama zilipungua kwa zaidi ya nusu. Mjukuu alitania kwamba sasa bati halihitajiki, na hakuwa mbali sana na ukweli.

Kilichobaki bado kilihitaji kinga. Kimo tulichagua 400, yaani alama ya juu kabisa na nyongeza ya milimita 60, ili ukingo wa juu uwe mahali ambapo kiegemeo hakifiki. Upana tulitoa milimita 50 kwenye 800, tukabaki na 750: milimita 25 kila upande, nafasi ya kutosha kuukwepa ukingo wa fremu na kuacha kosa dogo la mkono. Huo ni upunguzo wa kawaida kwa upande unaosukumwa. Kwa upande unaovutwa, ambao haulalii fremu, nusu ya hapo hutosha.

Unene ulikuwa na mjadala. Mabati ya milango yaliyo mengi kwenye biashara hii huwa na unene wa inchi 0.050, karibu milimita 1.3. Bati la 0.6 hufuata kila bonde la mlango na hujikunja likigongwa. Nene sana nalo huzaa ngazi. Viwango vya Marekani vya 2010 vya majengo yanayofikika kwa watu wenye ulemavu vinataka sehemu ya chini ya mlango, hadi inchi 10 (milimita 255) kutoka sakafuni, iwe laini upande unaosukumwa, na maungio yake yasitofautiane kwa zaidi ya inchi 1/16, yaani milimita 1.6. Nyumba ya mtu binafsi haifungwi na kanuni hiyo, lakini sababu yake ni ileile: kiegemeo cha miguu kisipate pa kunasa. Tukachukua 1.2.

Kisha uzito. Stenlesi ina uzito wa karibu kilo 8 kwa lita. Bati la milimita 750 kwa 400 kwa 1.2 linafika kilo 2.9. Alumini ya milimita 1.5 kwa eneo hilohilo ni kilo 1.2 tu, na kwa mlango mwepesi ambao bawaba zake zimetoka kutengenezwa nilivutwa sana na alumini. Nilichokataa ni ulaini wake. Viegemeo vya kiti kile vilikuwa vya chuma, na chuma kingeichimba alumini kama jembe. Tukakubaliana stenlesi ya daraja la 304, yenye uso wa mistari myembamba badala ya mng'ao wa kioo, kwa sababu kwenye kioo kila mkwaruzo huonekana na kwenye mistari mikwaruzo hupotea. Daraja la 316, linalostahimili chumvi zaidi, lina maana kwa mlango wa nje karibu na bahari. Chumbani ni kutupa fedha.

Sasa mtego wenyewe. Familia ilitaka skrubu, kwa kuwa gundi ilikuwa imewaangusha. Niligonga mlango kwa kidole nikisikiliza, kisha nikahakikisha kwa sindano ndefu kupitia sehemu ya chini: mbao za pembeni zilikuwa na upana wa milimita 30, ya chini 35, na ngozi ya hadibodi 3. Fanya hesabu. Bati linaanza milimita 25 kutoka ukingo wa mlango. Skrubu inakaa milimita 15 ndani ya ukingo wa bati. Jumla 40. Mbao ya pembeni imeishia 30. Kila skrubu ya pembeni ingetoboa hadibodi na kuning'inia kwenye hewa, na kwa mateke machache ingechana tundu na kutoka na kipande cha ngozi. Sehemu pekee iliyokuwa na nyama ni mbao ya chini. Kwa hiyo skrubu tano chini, milimita 20 kutoka mwisho wa mlango, na kazi yote iliyobaki ikafanywa na gundi ya ujenzi, si utepe.

Jikoni familia ilitaka shaba, ile ya rangi ya njano, kwa uzuri. Sikuona sababu ya kuwazuia. Mlango ni mbao ngumu tupu, skrubu zinashika popote, na kilichogonga ni viatu. Kimo 250, upana 750, skrubu za shaba pia, kwa sababu madini mawili tofauti yakilala pamoja kwenye unyevu, moja huliwa kwa faida ya jingine.

Mlango wa nyuma uamuzi ulikuwa mgumu kukubalika: upande wa nje, hakuna bati. Mwenye nyumba alidhani namkwepa. Nilimweleza kwamba upande ule hakuna kinachougonga. Adui wa pale ni maji, na maji hayazuiwi kwa kufunikwa, huzuiwa kwa kuelekezwa. Tulikubaliana kukata mbao iliyooza, kuunga mpya, kupaka rangi hadi chini kabisa, na kupachika mbao ya kutiririshia maji yenye mteremko juu ya kiungo. Upande wa ndani, stenlesi ya milimita 1, kimo 700, kwa ajili ya mbwa.

Nikiwa hapo niliuliza kama mlango wowote wa nyumba ni wa kuzuia moto. Hakuna uliokuwa hivyo, lakini swali hilo huliuliza kila mara, hasa kwenye majengo ya ghorofa ambako mlango wa kuingilia huwa wa aina hiyo. Kiwango cha Marekani cha NFPA 80, kwa mfano, kinaruhusu bati lisilo na lebo, yaani alama ya kuthibitisha kwamba limejaribiwa kwa moto, kufungwa kwenye mlango wa moto ikiwa tu halivuki inchi 16 kutoka chini ya mlango, karibu milimita 406. Bati la mbwa la 700 lisingeruhusiwa kuwekwa kwenye mlango kama huo bila lebo yake.

Kufunga

Milango yote mitatu niliitoa kwenye bawaba na kuilaza mezani. Kufunga bati mlango ukiwa umesimama kunawezekana, ila gundi huteleza na mgongo hulalamika.

Mabati yalikatwa karakana kwa mashine ya kukatia, si grinda. Nilipitisha tupa kwenye kingo zote nne kwa mteremko, halafu msasa, na kona nikazizungusha mpaka kitambaa kikipita hakinasi. Kitambaa ni kipimo kizuri kuliko kidole, na hakitoki damu.

Stenlesi ina tabia ya kuwa ngumu zaidi pale inaposuguliwa na kupata moto, kwa hiyo drili iendeshwe polepole, kwa kukandamiza kwa nguvu, na tone la mafuta. Anayeikimbiza drili kwa kasi hubaki na ncha butu na tundu nusu. Matundu niliyapanua juu ili vichwa vya skrubu vizame sawa na bati. Utando wa plastiki unaokinga uso niliuacha hadi mwisho, kisha nikautoa siku hiyohiyo. Ukiachwa miezi, hasa juani, gundi yake huganda na kuutoa ni adhabu.

Kwenye mlango wa flashi nilisugua rangi yote chini ya bati mpaka hadibodi ikaonekana. Gundi iliyopakwa juu ya rangi ina nguvu ya ile rangi tu, na hapo awali tulishaona vanishi ya jikoni ikibanduka na utepe. Bati nililifuta kwa spiriti, nikapaka gundi kwa mwiko wenye meno ili ienee kila mahali, nikalilaza milimita 5 juu ya mwisho wa mlango, na kulipandishia vitabu na ndoo za maji kwa saa 24. Skrubu tano zikafuata.

Jikoni nilivunja skrubu moja. Shaba ni laini. Njia sahihi ni kutoboa tundu la awali, kuingiza kwanza skrubu ya chuma yenye ukubwa uleule ili ikate njia, kuitoa, kisha kuingiza ya shaba iliyopakwa nta. Nilifanya hivyo kwa skrubu saba. Ya nane nilikuwa na haraka, sikuipaka nta, na kichwa kikabaki kwenye bisibisi. Nilipoteza saa nzima kuchimbua shina lake bila kuharibu bati.

Mlango wa nyuma ulikaa siku 11 ndani ukikauka kabla sijaunga mbao mpya. Chini, pale nyuzi za mbao zilipokatwa, nilipaka rangi ya msingi mara tatu, na ndani ya kila tundu la skrubu nikatia tone la vanishi. Bati la mbwa nililifunga kwa skrubu tupu, bila gundi, ili liweze kutolewa na mbao kukaguliwa. Silikoni nilipitisha juu na pembeni. Chini nikaacha wazi, maji yakiingia yapate njia ya kutoka.

Matokeo

Nilirudi baada ya wiki sita, kisha baada ya miezi mitano.

Mlango wa Bibi ulikuwa mzima. Bati lilikuwa na mikwaruzo mingi ya ulalo, hadibodi juu yake haikuwa na mkwaruzo mpya hata mmoja. Lakini Bibi alikuwa na shauri. Kiegemeo kikigusa bati usiku, nyumba nzima huamka. Chuma juu ya chuma, na nyuma yake mlango wenye uwazi kama ngoma. Ile gundi iliyoenea ilizuia bati kutetema, haikuzuia mlio wa pigo lenyewe. Tuliutatua kwa mpira: kipande cha bomba la maji la mpira kilichopasuliwa kwa urefu na kuvishwa kwenye kingo za viegemeo, kikashikiliwa kwa vifungo vya plastiki. Kazi ya dakika kumi. Mlio ukaisha, na mikwaruzo kwenye bati nayo ikapungua.

Mlango wa nyuma ulikuwa mkavu. Nilitoa skrubu nne za upande mmoja nikachungulia: mbao safi. Mbwa amehamia kukwaruza fremu, pembeni mwa bati, lakini hiyo ni kesi nyingine.

Jikoni, shaba ilikuwa na ukanda wa madoa meusi na ya kijani chini kabisa, kimo cha kidole kimoja. Maji ya kupigia deki yalikuwa na dawa ya klorini, na klorini haipatani na shaba. Haipatani sana na stenlesi pia, huichimba vishimo vidogo ikiachwa ikaukie juu yake, ila stenlesi ingestahimili kwa muda mrefu zaidi.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ya kingine ni zile siku mbili za chaki. Bila hizo ningefunga bati zito la kimo kilekile cha 200 kama nilivyoombwa, kwa skrubu zisizoshika kitu, kwenye mlango unaojirudisha wenyewe. Lingekuwa kosa la kijana, limefanywa tena na mtu anayelipwa. Jaribio lile lilitoa kimo, na lilipotufikisha kwenye bawaba likatuonyesha pia kwamba bati lilikuwa sehemu ya pili ya tiba.

Kugawa milango nako kulisaidia. Jaribio la kwanza lilichukulia milango mitatu kuwa kitu kimoja kwa sababu upana wake ni mmoja. Yalikuwa matatizo matatu: pigo kwenye ngozi nyembamba, kiatu kwenye mbao ngumu, na maji. La tatu halikuwa la bati kabisa, na nadhani hapo ndipo wengi hupotea. Bati hufunika vizuri sana. Rangi iliyovimba, doa, ufa: vyote hupotea nyuma yake, na mwenye nyumba hupumua. Uamuzi wa kuacha bati la ndani liweze kutolewa ulitokana na hofu hiyo, na ningeurudia hata kama kungekuwa na gundi bora kiasi gani.

Sitamlaumu mjukuu zaidi ya anavyostahili. Kosa lake la upana lilitokana na kupima mlango ukiwa wazi, na mlango ukiwa wazi hauonyeshi fremu inaulalia wapi. Angeufunga na kupiga mstari wa penseli kando ya ukingo wa fremu kutoka upande wa pili, bati lisingegota. Kosa la grinda hufanywa hata na mafundi wa miaka mingi.

Makosa yangu ni mawili, ukiacha skrubu iliyovunjika. La kwanza ni mlio. Nilifikiria uzito, ugumu, ngazi ya milimita 1.6, sikufikiria sikio la mtu anayelala mita tatu kutoka kwenye mlango ule. Mpira ule ungeweza kuvishwa siku ya kwanza, hata kabla ya bati, na huenda tungetosheka na bati jembamba zaidi au la plastiki ngumu. Familia ililipia chuma ambacho sehemu ya kazi yake ingefanywa na kipande cha bomba.

La pili ni shaba. Niliuliza nini kinagonga mlango wa jikoni, nani anausukuma, kwa mguu gani. Sikuuliza wanapiga deki kwa kutumia nini. Mstari wa maji niliuona siku ya kwanza na nikauandika kwenye daftari, kisha nikakubali madini yanayochafuka upesi kuliko yote tuliyokuwa nayo mezani. Kwamba familia ndiyo iliyoichagua hakunitoi lawamani. Walichagua rangi, ubaya wake nilipaswa kuwaambia mimi.

Niliwapa njia mbili: kuendelea na shaba, wakisuuza bati kwa maji safi na kulikausha kila baada ya deki, au nilitoe na kuweka stenlesi ya kimo kilekile. Kiolezo cha kadi nilichotobolea matundu bado ninacho, na matundu nane yaliyomo kwenye mbao yatatumika yaleyale. Mwenye nyumba ameomba apewe hadi mwisho wa mwezi aone kama kusuuza kunatosha.